Nusu Iliyoachwa Arusha: Uhakiki wa Sentensi ya Mihula Miwili

Kifungu cha saba cha Itifaki ya Pili ya Mkataba wa Amani na Maridhiano wa Burundi, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, kina kauli mbili fupi zinazofuatana. Ya kwanza inaeleza kwamba rais atachaguliwa kwa muhula wa miaka mitano, unaoweza kurudiwa mara moja tu. Ya pili inasema hakuna atakayeshika madaraka hayo kwa zaidi ya mihula miwili. Mhariri mwenye haraka angeifuta ya pili papo hapo: tano mara mbili ni kumi, jambo limeshasemwa, ya nini kulirudia? Miaka mitano baadaye ikafutwa kweli. Katiba ya 2005 ilibeba kauli ya kwanza na kuiacha ya pili. Uhakiki huu unadai kwamba siasa ya Burundi tangu 2015, ya ndani na ya nje, pamoja na uhasama wake na jirani wa kaskazini, Rwanda, inatakiwa kusomwa kuanzia kwenye ufutaji huo.

Wahakiki wetu wa mikataba ya amani hukimbilia maudhui: nani alipewa wizara ngapi, jeshi liligawanywaje, asilimia 60 kwa 40 ya Wahutu na Watutsi bungeni ina haki gani. Fani huachiwa wanasheria, nao huisoma pale tu wanapolipwa waisome. Lakini mkataba ni andiko lenye mpangilio, nafsi na ukimya wake, kama tamthilia, na mwananchi anaouishi ana haki ya kuuhakiki.

Mwananchi huyo tumweke Kanyosha, upande wa kusini wa Bujumbura, kwenye barabara inayoshuka kandokando ya Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge, kisha Nyanza-Lac, kisha mpaka wa Tanzania. Kukiwa hakuna ukungu, milima ya Kongo huonekana ng'ambo ya maji. Mtu wa hapa hahitaji ramani kujua majirani ni nani: mawese na dagaa hupita mlangoni kwake, na wakimbizi wamepita pande zote mbili kwa vizazi. Vilima vilivyo nyuma ya mtaa vilikuwa uwanja wa vita. Kuanzia Septemba 1999 serikali iliwahamisha wakazi zaidi ya 300,000 wa mkoa wa Bujumbura Vijijini na kuwakusanya kwenye kambi, na Nelson Mandela, aliyeshika upatanishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba mwaka huo, alishikilia kambi hizo zifungwe mazungumzo yakiendelea. Kwa hiyo watu wa upande huu walikuwa ndani ya mkataba kabla haujaandikwa.

Tuusome basi. Mkataba una itifaki tano, na ya kwanza inahusu historia: asili ya mgogoro, mauaji ya kimbari, kutengwa. Taratibu za utawala zinakuja katika ya pili, usalama katika ya tatu, ujenzi mpya katika ya nne, na dhamana za utekelezaji katika ya tano. Mpangilio huu una hoja yake. Sheria imewekwa baada ya maelezo ya maafa ili kila katazo lisomwe kama jibu la jambo lililokwisha kutokea. Nchi iliyoandika hivyo ilikuwa imewaona wanajeshi wakiingia ikulu 1966, 1976, 1987 na 1996, na rais aliyechaguliwa, Melchior Ndadaye, akiuawa Oktoba 1993. Katazo linalofuata orodha kama hiyo haliwezi kuwa pambo.

Sasa zirudie zile kauli mbili kwa jicho la sarufi. Katika ya kwanza kiima ni rais, na kinachosemwa juu yake ni namna anavyochaguliwa na muda anaopewa. Kauli hiyo inamtazama mtu akiwa tayari ni mgombea au mwenye cheo. Katika ya pili kiima ni mtu yeyote. Hana cheo, chama wala kabila, na tendo si kuchaguliwa tena, ni kushika madaraka. Tofauti inaonekana ndogo kama punje ya mtama, lakini ndiyo inayoamua nini kihesabiwe. Kauli ya kwanza inahesabu chaguzi. Ya pili inahesabu miaka ambayo mtu amekaa. Ukiingia ikulu kwa mlango wowote ule, kauli ya pili inaanza kukuhesabia.

Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni Februari 2005 ilichukua kauli ya kwanza na kuiweka katika kifungu cha 96, ikiiunganisha na utaratibu: rais huchaguliwa moja kwa moja na wananchi wote, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Kauli ya mtu yeyote haikuingia. Kisha, mbali kabisa, kwenye masharti ya mwisho, kifungu cha 302 kikaleta jambo la pekee: rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito angechaguliwa na Bunge na Seneti zikikaa pamoja. Jambo hilo halikuwa hila. Mkataba wenyewe ulikuwa umeliruhusu, kwa sababu nchi ilikuwa bado inatoka vitani na uchaguzi wa moja kwa moja wa rais ulionekana hatari. Pierre Nkurunziza alichaguliwa kwa njia hiyo Agosti 2005, na mwaka 2010 akachaguliwa na wananchi.

Hapo ndipo umbo lilipozaa tatizo. Kati ya kifungu cha 96 na cha 302 pana umbali wa kurasa nyingi, na hakuna neno linaloviunganisha. Cha 302 hakisemi kama muhula ule wa kwanza unahesabiwa au la. Katika Mkataba wa Arusha ukimya huo usingekuwa na madhara, kwa kuwa kauli ya pili ingeuziba. Katika Katiba hapakuwa na cha kuuziba.

Kabla ya kutumia ukimya huo, watawala walijaribu kwanza kuandika upya. Tarehe 21 Machi 2014 muswada wa kubadili katiba ulifikishwa bungeni. Zilihitajika nne ya tano za kura za wabunge 106, yaani kura 85. Zilipatikana 84. Kura moja ilikosekana, muswada ukaanguka. Mwaka mmoja baadaye hoja ikahama kutoka kuandika hadi kusoma. Tarehe 25 Aprili 2015 chama cha CNDD-FDD kilimteua Nkurunziza kugombea tena, na kesho yake vijana wakaingia barabarani. Kanyosha ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoandamana, pamoja na Musaga, Nyakabiga na Cibitoke: mawe na matairi barabarani, polisi upande wa pili, risasi. Neno lililobebwa zaidi na waandamanaji lilikuwa la Kirundi, Sindumuja, yaani mimi si mtumwa. Hata kauli ya mtaani, basi, ilichagua umbo la kukanusha, kama ile iliyoachwa Arusha.

Maseneta 14 walipeleka swali kwenye Mahakama ya Katiba, nayo ikajibu mwanzoni mwa Mei. Ilikubali kwamba Mkataba wa Arusha ni msingi wa katiba, lakini ikasema hauko juu yake, na kwamba uchaguzi wa 2005 ulikuwa wa namna ya pekee. Kilichoweza kurudiwa mara moja ni muhula unaotokana na kura ya wananchi wote, na huo ulikuwa umetolewa mara moja tu, 2010. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikataa kutia sahihi, akakimbilia Rwanda akisema majaji walishinikizwa. Ukiisoma hukumu bila kuisahau hali hiyo, bado unaona kwamba majaji walipata pa kushika. Mlango ulikuwa umeachwa wazi tangu 2005, na aliyeuacha hakuwa mahakama.

Umbo la kanuni katikati na mwanya mkiani lina ndugu zake. Rwanda, iliyompokea jaji huyo, ilipiga kura ya maoni Desemba 2015 na kupitisha katiba ambayo kifungu chake cha 101 kinaweka mihula miwili ya miaka mitano. Ukiishia hapo utaisifu. Lakini kifungu cha 172, kwenye masharti ya mpito, kinamruhusu rais aliyepo amalize muhula wake, kisha kinaweka muhula mwingine mmoja wa miaka saba kabla kanuni mpya haijaanza kuhesabu. Burundi na Rwanda zilikuwa zikitukanana mwaka huo, na Bujumbura ikiituhumu Kigali kuwapa mafunzo waasi. Kwa fani, katiba zao zilikuwa zimeketi kwenye mkeka mmoja.

Ndugu wa mbali zaidi yuko Korea Kusini. Mwaka 1954 Rais Syngman Rhee alitaka ukomo wa mihula miwili usimguse rais wa kwanza wa jamhuri, yaani yeye. Bunge lilikuwa na wabunge 203, na theluthi mbili yake ni 135 na sehemu ya tatu ya mtu. Zilipigwa kura 135 za ndiyo, na tarehe 27 Novemba ikatangazwa kwamba pendekezo limeshindwa. Siku mbili baadaye tangazo likageuzwa: sehemu ya tatu ya mtu haipo duniani, ikakatwa, na 135 zikatosha. Linganisha na Bujumbura. Nne ya tano ya 106 ni 84 na sehemu nane za kumi, na hesabu hiyohiyo ya Seoul ingeipandisha hadi 85. Kanuni iliyomwokoa Rhee isingewafaa watu wa Nkurunziza. Walihitaji ufundi mwingine, na wakaupata kwenye sarufi.

Wakorea walijifunza kutokana na jeraha hilo na mengine yaliyofuata: Park Chung-hee alijiongezea muhula kwa mabadiliko ya 1969, kisha 1972 akaandika katiba ya kumweka madarakani bila kikomo cha maana. Katiba ya 1987 inampa rais muhula mmoja wa miaka mitano, basi. Halafu, katika kifungu cha 128, inaongeza kwamba badiliko lolote la kurefusha muhula au kuruhusu kuchaguliwa tena halimfaidi rais aliyepo wakati pendekezo linatolewa. Kwa mhakiki wa fani hii ni kazi nzuri. Waandishi walijua kwamba watawala huchezea mkia wa katiba, kwa hiyo mkia wenyewe wakaufanya kufuli. Tarehe 3 Desemba 2024 Yoon Suk Yeol alitangaza utawala wa kijeshi, akitaja tishio la Korea Kaskazini na wanaoipinga dola kutoka ndani. Saa chache baadaye wabunge 190 walipiga kura ya kuuondoa, na tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamfuta kazi kwa kauli moja. Afya ya demokrasia ile ilionekana hapo: jirani alitajwa kama kisingizio, na taasisi za nyumbani hazikukipokea.

Sahihi za mwisho wa mkataba nazo ni sehemu ya fani, na Arusha inatofautiana na Seoul waziwazi hapo. Katiba ya Korea haina mdhamini wa nje. Mkataba wa Arusha umejaa majirani. Pande 19 za Burundi zilihusika, nyingine zikiweka maoni ya kujitenga na sehemu fulani, nyingine zikichelewa kutia sahihi hadi Septemba. Pembeni yao yamo majina ya Mandela, Yoweri Museveni, Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa, Kofi Annan na Salim Ahmed Salim. Ni jamvi la heshima. Lakini tafuta tendo la wadhamini hao endapo sentensi itavunjwa miaka kumi na tano baadaye. Kamati ya kufuatilia utekelezaji iliwekwa kwa ajili ya kipindi cha mpito, na ilikoma pamoja nacho. Baada ya hapo majina yalibaki kama majina. Kiima kipo, kiarifu hakipo.

Mmoja wa wadhamini hao, Museveni, aliona ukomo wa mihula ukiondolewa katika katiba ya nchi yake mwaka 2005, mwaka uleule ambao Burundi iliiacha kauli ya pili. Mwaka 2015 akapewa kazi ya kupatanisha mgogoro uliotokana na ukomo wa mihula. Hakuna haja ya kumlaumu mtu binafsi ili kuona kasoro ya muundo: sentensi ya kukataza ilikabidhiwa kwa walinzi ambao hawakufungwa na katazo lenyewe. Chama kilichokuja kutawala, CNDD-FDD, nacho hakikuwepo mezani Agosti 2000. Kilikuwa bado msituni, na kiliingia kwa makubaliano mengine mwishoni mwa 2003. Kwa hiyo sahihi zote zilizokuwa chini ya kauli ya mtu yeyote zilikuwa za watu wengine.

Tangu Mei 2015 sera ya nje ya Burundi imekuwa ugomvi juu ya nani ana haki ya kusoma. Tarehe 13 Mei Nkurunziza alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao cha wakuu wa Afrika Mashariki kuhusu mgogoro huo, na Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua. Mapinduzi yalishindwa ndani ya siku mbili. Desemba Umoja wa Afrika ulipopanga kupeleka askari 5,000, Nkurunziza alisema watapigwa vita kama wavamizi, na mpango ukafa. Oktoba 2017 Burundi ikajiondoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kila aliyeisoma sentensi kinyume aliwekwa upande wa maadui. Wakati huohuo watu wapatao 400,000 walikuwa wameshasoma kwa miguu, wengi wakielekea Tanzania, wengine Rwanda, Uganda na Kongo.

Wananchi wenyewe waliisomaje? Mwaka 2014 watafiti wa Afrobarometer waliwauliza Warundi kuhusu ukomo wa urais, na wengi waliohojiwa waliuunga mkono. Katika awamu mbili zilizofuata za utafiti huo Burundi haikuwemo. Tangu hapo hisia za umma kuhusu majirani zimefika masikioni mwetu hasa kupitia maandamano yaliyoandaliwa dhidi ya Rwanda na Ubelgiji, yenye mabango na wasemaji walewale. Dodoso na andamano ni fani mbili tofauti. La kwanza humtenga mtu na kumwuliza peke yake, na linaruhusu jibu la sijui. La pili linampa jibu kabla ya swali. Anayetaka kujua mtu wa Kanyosha anamwonaje Mnyarwanda asimhukumu kwa bango. Mpaka wa Rwanda ulipofungwa tena Januari 2024, baada ya shambulio la Desemba karibu na Gatumba, uamuzi ulitangazwa na serikali, na wafanyabiashara wadogo waliovuka kila siku hawakuulizwa.

Msomaji mwingine alijitokeza kwa kuchelewa. Mashirika ya kiraia ya kanda yaliipeleka hukumu ya Bujumbura mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, inayokaa Arusha. Kesi ilipanda na kushuka kwa miaka. Tarehe 25 Novemba 2021 kitengo cha rufaa kiliamua kwamba hukumu ya 2015 ilikiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao Burundi iliingia mwaka 2007. Ni usomaji wenye uzito, kwa sababu uliruhusu kanuni za kanda kuziba ukimya wa katiba. Lakini Nkurunziza alikuwa amefariki tarehe 8 Juni 2020, karibu mwaka mmoja na nusu kabla. Jirani alisoma vizuri, na hakukuwa tena na mtu wa kumsomea.

Kuna pingamizi linalostahili kusikilizwa: mwenye nguvu mpishe. Hata kauli ya pili ingebaki, mwenye bunduki angeikanyaga. Pengine. Lakini pingamizi hilo halielezi kwa nini mwenye bunduki alihangaika hivyo. Alitafuta kura 85 bungeni, akapata 84, akakubali kwamba zimepungua. Alikwenda mahakamani. Alihitaji sentensi, na alikwenda pale iliporegea. Nguvu isiyojali maandishi isingepoteza mwaka mzima kuyatafutia njia.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika katiba ya 2018, iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 17 Mei mwaka huo. Kifungu cha 97 kinarefusha muhula hadi miaka saba. Kisha kauli iliyoachwa Arusha inarudi, na kiima chake kilekile kisicho na cheo: hakuna atakayeshika zaidi ya mihula miwili. Msomaji angepumua, kama si neno moja lililoongezwa mwishoni, mfululizo. Mihula miwili mfululizo. Kauli ya pili imerudishwa nyumbani ikiwa imetobolewa. Sasa inahesabu ukaaji usiokatizwa, na anayepumzika muhula mmoja anaanza upya. Waliofuta sentensi mwaka 2005 huenda walifanya uzembe. Aliyeweka neno hili mwaka 2018 alikuwa anajua anachofanya.

Basi tunapohukumu afya ya demokrasia yetu, tusiishie kwenye idadi ya viti, ingawa nayo inasema: katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kilitwaa viti vyote 100 vilivyopigiwa kura. Uchaguzi wa rais unatazamiwa 2027, na mijadala itakuwa juu ya majina. Mhakiki ana kazi tofauti. Aulize kiima ni nani, kinachohesabiwa ni chaguzi au miaka, mkia wa andiko unafunga au unafungua, na mdhamini amepewa tendo gani. Andiko la Arusha lilijibu vizuri swali la kwanza na la pili, likashindwa la nne. Katiba ya 2005 ilishindwa la pili. Ya 2018 imejibu la kwanza kwa usahihi, kisha ikanunua uhuru wake kwa neno moja. Majirani wanaweza kulaumiwa kwa mengi, lakini neno hilo liliandikwa nyumbani, na litaondolewa na wenyewe wa nyumbani au litabaki.